UZI: Adabu za meza ya poka, na kwa nini anayecheza kabla ya zamu yake anawaumiza wenzake

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nimekaa nikaona niandike hili jambo kwa urefu maana kila wikiendi nasikia malalamiko yaleyale. Vijana wengi siku hizi wanajifunza poka kwenye simu, na wanaijua kwelikweli, wanajua mkono gani unashinda upi, wengine wanakutajia mpaka asilimia za kupata flashi (karata tano za aina moja, mfano kopa tupu) wakiwa na karata nne za aina hiyo, ila ukiwaweka kwenye meza yenye watu na karata za kushikwa mkononi meza inaharibika ndani ya nusu saa. Na kinachoiharibu wala sio wizi. Ni zamu. Mtu anatupa karata kabla hajafikiwa, mwingine anasema "nareizi" (naongeza dau) wakati wa kulia kwake bado anafikiria, wa tatu ameshasukuma chipu (vidude vya kuhesabia hela) katikati, dila (mgawa karata) anabaki kuuliza nani kafanya nini.

Simu inakulinda bila wewe kujua. Programu haikupi kitufe cha kubonyeza mpaka zamu yako ifike, na hata ukiweka tiki mapema kwamba utafoldi (utatupa karata), wenzako hawaioni mpaka zamu ikufikie. Kwenye meza hakuna wa kukulinda hivyo, mkono wako, mdomo wako na sura yako vyote viko wazi.

Nimefanya kazi ya udila kasino hapa Dar kwa muda, sasa hivi nacheza tu na washkaji, kwa hiyo haya nayasema kutoka pande zote mbili za meza.

Kwa wasiojua kabisa, kwa haraka: Texas Hold'em kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu zinafunguliwa tano za wote mezani, tatu kwanza (flopu), moja (turni), moja ya mwisho (riva). Kuna kidude kinaitwa batani, kinaonyesha nani anahesabika mgawaji, kinazunguka kwa mwendo wa saa. Wawili wanaoifuata batani wanaweka blaindi ndogo na blaindi kubwa, yaani dau la lazima. Kabla ya flopu anaanza aliye kushoto kwa blaindi kubwa. Baada ya flopu anaanza wa kwanza kushoto kwa batani ambaye bado ana karata, na mwenye batani anamalizia. Kubeti ni kuweka dau, kukoli ni kulipa dau lilelile, kucheki ni kupita bila kuweka kitu, na poti ni hela zote za katikati. Basi.

Sasa hilo neno "anamalizia" ndio utajiri wote wa poka ulipo. Anayecheza mwisho ameshaona kila mtu kafanya nini. Ndio maana batani inazunguka, ili kila mmoja aonje huo utamu na kila mmoja aonje uchungu wa kuanza. Ukicheza kabla ya zamu yako unachukua kitu ambacho sio chako, unampa mtu mwingine, na mara nyingi aliyeumia ni mtu wa tatu kabisa ambaye hamjagombana.

Ngoja niweke mfano wa kueleweka. Meza ya watu sita, blaindi 1,000 na 2,000. Batani iko kiti cha 6, kwa hiyo kiti cha 1 ni blaindi ndogo na cha 2 blaindi kubwa. Kiti cha 4 kareizi mpaka 6,000, kiti cha 6 kakoli, kiti cha 1 kafoldi, kiti cha 2 kakoli. Poti ina 19,000. Flopu inakuja K ya kopa, 9 ya shupaza, 4 ya uru. Wa kuanza ni kiti cha 2, ana tisa moja mkononi, anafikiria. Kiti cha 6 hajapata kitu, kachoka, anataka akavute sigara, anatupa karata zake katikati na kusimama.

Watu watasema si kafoldi tu, kuna ubaya gani, alikuwa anafoldi hata hivyo. Ubaya ni huu: kiti cha 4 alikuwa amebanwa katikati. Mbele yake kuna kiti cha 2, nyuma yake kuna kiti cha 6 ambaye hajulikani ana nini. Akitaka kudanganya kwa beti ya 10,000 lazima aogope watu wawili. Sasa ghafla mmoja ameondoka kabla hata yeye hajaamua, na yeye ndio amegeuka kuwa wa mwisho kucheza, kapewa batani ya bure. Kiti cha 2 akicheki, kiti cha 4 anabeti bila hofu na yule mwenye tisa yake anaweza kutupa mkono uliokuwa unaongoza. Hajakosea chochote. Kaumizwa na mtu aliyekuwa anaenda kuvuta sigara.

Ndio maana mimi hili jambo silichukulii poa. Watu wanadhani ni mambo ya ustaarabu kama kusema samahani, kumbe ni hela ya mtu.

#2

Mkuu umeongea. Swali langu, je mtu akishacheza nje ya zamu inakuwaje? Maana kwetu huwa tunasema tu "rudisha rudisha" anarudisha chipu zake tunaendelea. Ni sawa?

#3 (mleta uzi)

Hapo ndio penye mtego mkuu, na jibu lake ni kwamba "rudisha" peke yake inafungua mlango wa uhuni mkubwa sana.

Angalia mchezo huu. Tuko kwenye flopu ileile. Kiti cha 2 kacheki, zamu ya kiti cha 4. Kiti cha 6 anaruka, "nabeti 12,000!" anasukuma chipu. Kila mtu "aa bado sio zamu yako", anasema ooh samahani, anarudisha. Kiti cha 4 alikuwa anataka kubeti ila sasa ameingiwa na woga, anacheki. Zamu inafika kiti cha 6, na yeye anacheki! Kapata karata ya turni bila kulipa hata mia. Akifanya hivyo kwa makusudi ni utapeli, na huwezi kuthibitisha ni makusudi, kwa sababu kila anayefanya anasema samahani nilichanganyikiwa.

Kuna chama cha wasimamizi wa mashindano, kifupi TDA, kilianzishwa 2001 kule Las Vegas na Matt Savage, Linda Johnson, Jan Fisher na David Lamb, na sheria zake ndio zinafuatwa na mashindano mengi duniani. Wao walilifunga hilo shimo kwa sheria moja nzuri sana: ukicheza nje ya zamu, ulichofanya kinakufunga IWAPO hali haijabadilika mpaka zamu yako inafika. Kucheki, kukoli au kufoldi kwa yule uliyemruka hakuhesabiki kama kubadilisha hali. Kwa hiyo kwenye mfano wetu kiti cha 4 akicheki, kiti cha 6 anabeti ile 12,000 yake apende asipende. Kiti cha 4 akibeti, hapo hali imebadilika, kiti cha 6 anarudishiwa chipu zake na ana uhuru wote, akoli, areizi au afoldi.

Uzuri wake ni kwamba kiti cha 4 aliyerukwa ndio anashika usukani. Kama ana mkono mkali anacheki tu kwa utulivu, anamwachia mwenzake abeti, halafu anamrudia na reizi.

Kufoldi nje ya zamu hakurudishwi. Karata zikishatupwa zimetupwa, na ukirudia rudia kwenye mashindano unapewa adhabu.

Halafu na wewe uliyerukwa una wajibu wako. Ukiona umerukwa sema hapohapo, "jamani bado mimi". Ukikaa kimya huku wenzako wanaendelea, wakishacheza watu wawili na angalau mmoja akaweka chipu, au vikishafanyika vitendo vitatu vya aina yoyote, unaweza kupoteza haki yako ya kucheza mkono huo kwa kawaida. Nimewahi kuona mzee mmoja mpole sana anarukwa kila mara na hasemi, anaona aibu. Wazee wetu msione aibu, inueni mkono.

#4

Mimi naona mnakuza mambo. Sisi tunacheza kwa mwana pale kila Jumamosi, buku buku, bia zipo, nyama ipo, stori zipo. Tukianza kuleta sheria za Las Vegas starehe itabaki wapi? Mtu akitupa karata mapema ametupa, maisha yaendelee. Kasino huko sawa, kuna hela nyingi.

#5 (mleta uzi)

Kaka nakuelewa na sikupingi kwamba mnakaa kwa ajili ya kufurahi. Ila niambie ukweli, kwenye hiyo Jumamosi yenu haijawahi kutokea mtu kakasirika akaondoka mapema? Ukimfuatilia utakuta sio kwamba alifungwa, kufungwa watu wanakuvumilia. Alifungwa akiwa amerukwa, au mtu kasema "mimi nilikuwa na tisa!" wakati flopu ina tisa mbili na watu bado wanagombania poti, akajua mwenzake anadanganya au hadanganyi kwa sababu ya mdomo wa mtu aliyekwisha kutoka.

Hilo la pili nalisisitiza kwa sababu ni ndugu wa damu wa kucheza nje ya zamu. Ukishafoldi, mkono wako umekufa lakini habari zake bado ni hai. Flopu ikija na zile ulizotupa usipige kelele, usishike kichwa, usimwangalie jirani ukatabasamu. Subiri poti iende kwa mwenyewe ndio usimulie mpaka uchoke.

Na hela kidogo ndio penye kujenga tabia. Mtu hawezi kuwa ovyo kwa buku halafu akawa makini kwa laki, mikono haina akili hiyo.

Kwa hiyo huko nyumbani msichukue sheria zote. Chukueni hizi chache zenye faida kila dakika: subiri zamu, ukitaka kureizi SEMA kwanza ndio uweke, karata zako ziwe juu ya meza watu wazione, chipu kubwa ziwe mbele sio zimefichwa nyuma ya ndogo, na ukiweka chipu kwenye poti ziweke mbele yako kwa mpangilio, usizirushe katikati zikachanganyika maana hapo hakuna atakayejua umeweka ngapi. Hizo haziui bia wala nyama.

#6

Niaje wasee. Niko Nairobi, nimesoma yote. Hapo kwa kusema kwanza ndio watu wanaumia sana huku. Unapata msee ametazama sinema mob, anafanya "nakuona elfu tano yako... (anaweka) ...na naongeza kumi". Dila anamwambia umekoli tu, anaanza kuteta ati ameibiwa. Buda ulishasema nakuona! Ni vile tu tukicheza kadi mtaani, ukisahau kusema "niko kadi" huwezi maliza hata kama karata zako ziko sawa. Maneno yako yanahesabika.

Mleta uzi fafanua hiyo ya chipu moja pia, iliniletea shida siku moja kwa meza, nikaambiwa nimekoli na nilikuwa nataka kureizi.

#7 (mleta uzi)

Karibu sana ndugu yetu wa Nairobi, na umeeleza vizuri kuliko mimi.

Ni hivi. Likitangulia neno, neno ndio linakufunga. Ukisema "koli" kwa zamu yako halafu ukaweka chipu za kureizi, umekoli. Na hiyo ya kuweka kwa mafungu mafungu, unaweka kidogo unatazama sura ya mtu, unaongeza kidogo unatazama tena, haikubaliki, kwa sababu unapima mshtuko wake kabla ya kuamua. Ama useme jumla yote kwanza, ama uweke zote kwa mkupuo mmoja.

Chipu moja kubwa: kuna beti mbele yako, tuseme blaindi kubwa ya 2,000, ukatupa chipu moja ya 10,000 bila kusema kitu, hiyo ni koli ya 2,000. Hata kama moyoni ulikuwa unareizi. Lakini kama ni baada ya flopu na hakuna aliyebeti, ukatupa chipu hiyohiyo moja kimya, hapo umebeti 10,000 nzima. Watu wanachanganya hizo mbili kila siku.

Chipu nyingi bila kusema: hapo inaangaliwa nusu. Mtu kabeti 4,000, kwa hiyo reizi ya chini ni kufika 8,000. Ukiweka kimya chipu sita za elfu moja, umefika nusu ya nyongeza, utalazimishwa kutimiza 8,000. Ukiweka 5,500, hujafika nusu, inahesabika umekoli na chenji yako unarudishiwa.

Yote hayo yanakwisha kwa neno moja tu la "reizi", sijui kwa nini watu wanaona uzito kulitamka.

Na kugonga meza ni kucheki. Kuna watu wana tabia ya kugonga gonga vidole wakiwaza, dila anaona umecheki anaendelea. Zuia vidole vyako wakati ni zamu yako.

#8

Habari zenu. Mimi ni dada, nacheza, na kuna jambo hamjaligusa. Nikikaa kwenye meza kila mwanaume anageuka mwalimu. Nashika karata zangu, zamu yangu imefika, wa kulia ananiambia "usikoli hapo dada huyu ana mkono", wa kushoto "mwekee mwekee". Mwingine ameshafoldi na anainamisha kichwa kuangalia karata zangu. Nikishinda wanasema nilifundishwa, nikishindwa wanasema si tulikuambia. Naomba mleta uzi useme hii imekaaje kisheria.

#9 (mleta uzi)

Dada yangu nashukuru umeliandika, na wanaume wenzangu naomba msome mara mbili.

Kisheria ni wazi kabisa: mkono mmoja, mchezaji mmoja. Hakuna kushauriana wakati mkono unaendelea, awe ni mke wako, rafiki yako au mgeni unayemhurumia. Huyo aliyekuwa anakwambia "huyu ana mkono" anaingilia poti ambayo hana hisa nayo. Mwenye mkono anayeshauriwa dhidi yake anaibiwa, na wewe unanyimwa haki ya kuamua mwenyewe. Ni kucheza nje ya zamu kabisa, tena kwa kutumia mdomo kwenye karata za mtu mwingine. Na anayechungulia karata zako akiwa ameshatoka, sura yake inaweza kukuchoma mbele ya mpinzani wako bila yeye kutaka.

Una haki ya kumwambia dila, "naomba nicheze mwenyewe". Dila mzuri atawanyamazisha hapohapo, na asipofanya muite msimamizi wa ukumbi, hiyo ndio kazi yake. Nilipokuwa kwenye kazi nilikuwa nasimamisha mkono kabisa, sigawi karata inayofuata mpaka midomo ifungwe.

Mtu akitaka kufundishwa afundishwe mikono ya wazi pembeni, kabla mchezo haujaanza. Sio katikati ya poti.

#10

Wakuu mimi niko Uingereza huku, naongezea la lugha. Kasino za huku mkono ukiwa unaendelea mnaongea Kiingereza tu. Nilikaa na jamaa wa kwetu, tulipokutana tukaanza "mambo vipi, umeondoka lini nyumbani" huku yeye ana karata, dila akatukatisha mara moja. Jamaa alichukia akaona ni ubaguzi. Ila mimi nilielewa, wengine pale hawajui kama tunaulizana habari za nyumbani au anaambiwa nina K mbili.

#11 (mleta uzi)

Uko sahihi. Sheria za TDA zinataka ukumbi wenyewe utangaze wazi lugha zinazoruhusiwa mezani. Kwa hiyo hapa kwetu ukumbi ukikiruhusu Kiswahili hakina tatizo. Ila meza za Dar unakuta kuna Mchina, kuna Mhindi, kuna Mturuki, na Waswahili wawili mmekaa jirani mmoja ana karata mmoja hana, mnanong'ona na kucheka. Hata kama mnaongelea mpira, yule mgeni ana haki ya kuhisi vibaya. Ongeeni kwa sauti au subirini mkono uishe. Simu ndio hivyohivyo, ukiwa na karata mkononi hupokei wala hujibu meseji, inuka mbali na meza ukimaliza.

#12

Nami nilikuwa dila, sasa niko biashara nyingine. Naomba niwatetee wachezaji kidogo, mara nyingine kosa ni letu. Dila akikimbia sana watu wanakimbia nae. Kosa kubwa la madila wapya ni kumsahau blaindi kubwa. Wote wamekoli 2,000, dila anavuta poti anafungua flopu, kumbe blaindi kubwa ana haki ya kureizi, hakuulizwa. Pale unatakiwa unyooshe mkono kwake usubiri agonge meza. Na dila anatakiwa aonyeshe kwa mkono zamu iko kwa nani kila wakati, usitegemee wachezaji wanajua, hasa viti vya 1 na 9 au 10 vilivyo ubavuni mwako, wale hawaonani kwa sababu wewe umekaa katikati yao. Wengi wanaorukwa ni kiti cha 1.

#13 (mleta uzi)

Asante sana kiongozi, hilo la ubavuni mwa dila nakuunga mkono kwa asilimia mia, sikuliandika na ni muhimu. Wachezaji wa viti hivyo jitahidini kusema kwa sauti, "koli", "foldi", msitegemee ishara tu. Na nyie mnaocheza nyumbani bila dila maalum, anayegawa mkono huo ndio awe anataja zamu, "bado wewe, sasa wewe". Inapunguza vurugu sana.

#14

Na wale wanaokaa dakika tano kila mkono je? Nao wanacheza kwa zamu yao lakini wanatuua. Na kuna jamaa yetu akishinda hafungui karata, anakuacha ufurahie kwanza, unaanza kuvuta chipu ndio anafungua ree mbili pole pole. Tulikaribia kupigana.

#15 (mleta uzi)

Kufikiria ni haki, tena kwenye poti kubwa mpe mtu nafasi, usimkodolee macho wala kupumua kwa nguvu. Ila kufikiria kwa kuigiza kila mkono, hata ule ambao unafoldi 7 na 2, huko ni kuwala wenzako muda, na kasinoni ikipungua idadi ya mikono kwa saa kila mtu kaumia. Kwenye mashindano muda wa kutosha ukipita unaweza kuomba saa, msimamizi anakuja, mtu anapewa mpaka sekunde 25 halafu anahesabiwa 5, asipocheza na kuna beti mbele yake mkono umekufa. Mashindano mengine makubwa siku hizi yana sekunde 30 kwa kila uamuzi na mchezaji anapewa vikadi vichache vya kuongezea muda. Nyumbani kubalianeni tu.

La kufungua karata: riva ikiisha, wa mwisho kubeti au kureizi kwenye riva ndio anafungua kwanza. Kama hakuna aliyebeti, anaanza wa kwanza kushoto kwa batani na mnazunguka. Kwa hiyo hata kufungua kuna zamu yake. Kwenye mashindano mtu akiwa ameweka zote (olini) na beti zimekwisha, mikono yote inafunguliwa palepale kabla karata zilizobaki hazijatoka.

Huyo jamaa yenu mwenye ree mbili hajavunja sheria ya kuandikwa, lakini hiyo tabia inachukiwa meza zote nilizowahi kukaa, kuanzia za buku mpaka za dola. Ukijua umeshinda, fungua mara moja, hata kama zamu ya kufungua sio yako. Hapo ndio mahali PEKEE ambapo kutangulia zamu ni heshima, kwa sababu beti zimekwisha na hakuna tena wa kuumia kwa habari hiyo.

Na fungua zote mbili, ziweke juu ya meza. Usitaje kwa mdomo "nina flashi" halafu ukazitupa. Karata zilizo wazi ndio zinaongea, na ukizitupa kwenye lundo kabla dila hajazisoma umejiondoa mwenyewe.

#16

Swali la mwisho mkuu, mkibaki wawili tu zamu inakwendaje? Kila mara tukifika hapo tunabishana, mmoja anasema batani ndio blaindi kubwa, mwingine anasema hapana.

#17 (mleta uzi)

Mkibaki wawili mwenye batani anaweka blaindi NDOGO, mwenzake kubwa. Kabla ya flopu anaanza mwenye batani. Kuanzia flopu mpaka riva anaanza mwenye blaindi kubwa na batani anamalizia. Karata ya mwisho kugawiwa inaangukia kwa mwenye batani.

Pale mnapotoka watatu kuingia wawili mnaweza kulazimika kuisogeza batani ili mtu asilipe blaindi kubwa mara mbili mfululizo. Angalieni nani alilipa kubwa mkono uliopita, huyo asilipe tena, apewe batani na blaindi ndogo. Mkishaelewana hapo endeleeni.